Spika za Nyuma: Waya Gani, Upite Wapi, Ugharimu Nini

Sanduku la hom thieta hufunguliwa kwa furaha mpaka zitolewe spika mbili za mwisho. Runinga iko ukutani, risiva iko chini yake, spika ya katikati na zile mbili za mbele ziko upande huohuo, nyaya zake zinajificha nyuma ya meza. Za nyuma ndizo zenye kesi. Zinatakiwa zikae huku kwenye kochi, na kati ya kochi na risiva kuna sebule nzima: mlango, zulia, meza ya chai, watoto na miguu ya wageni. Wengi huishia kuzipanga zote tano chini ya runinga, wakawa wamelipia sauti ya kuzunguka na kusikiliza ya upande mmoja.

Muuzaji atakuambia dawa ni waya mzuri. Waya mzuri tutauzungumza, lakini katika kazi hii waya ni kitu cha bei ndogo. Pesa inakwenda kwenye njia utakayoupitishia, na njia hiyo inategemea jambo moja kuliko mengine yote: nyumba ni yako, umepanga, au bado unajenga.

Kabla ya kwenda dukani chukua futi kamba. Tuseme sebule ina mita 4 kwa 5, na kochi liko mita 4 kutoka kwenye runinga. Waya wa spika ya kushoto unatembea mita 2 kutoka katikati ya ukuta wa runinga hadi konani, mita 4 kufuata ukuta wa ubavuni, kisha unapanda mita 1.5 hadi spika ilipotundikwa. Hiyo ni 7.5, ongeza mita moja ya akiba, 8.5. Upande wa kulia kuna mlango. Hapo waya unapanda fremu upande mmoja na kushuka upande wa pili, na mlango mmoja wa kawaida unakula karibu mita 4. Kwa hiyo kulia ni 12.5. Jumla mita 21, nawe nunua 25. Waya uliopungukiwa nusu mita lazima uungwe, na kiungo kilichofichwa ndicho kitakachokusumbua baadaye.

Angalia pia kwamba nimeziweka spika ubavuni mwa kochi. Mwongozo wa Dolby kwa mfumo wa 5.1 unaweka spika hizi kati ya digrii 110 na 120 kutoka mbele ya msikilizaji, maana yake ubavuni na kurudi nyuma kidogo, juu kidogo ya masikio ya aliyekaa. Mafundi wengi huzipeleka kwenye kona za mwisho za chumba kwa sababu zinaitwa za nyuma. Unalipia mita za ziada ili upate sauti iliyokaa mahali pasipo pake.

Kuna anayeamini nyaya za kushoto na kulia lazima zilingane urefu, la sivyo sauti itapishana. Fundi akikuambia hivyo anakuuzia mita 4 zisizo na kazi. Umeme unazipita mita hizo kwa muda ambao hakuna sikio la kuupima, na tofauti ndogo ya ukubwa wa sauti inarekebishwa kwenye menyu ya risiva.

Sasa unene. Fundi umeme wa Tanzania au Kenya anaujua waya kwa eneo la shaba yake: 1.5 wa taa, 2.5 wa soketi, yaani milimita za mraba. Roli nyingi za waya wa spika hutumia namba za Kimarekani, ambazo huenda kinyume: namba ikipanda, waya unakonda. Namba 18 ni kama 0.8, namba 16 ni kama 1.3, namba 14 ni kama 2.1 na namba 12 ni 3.3. Mteja anayedhani 18 ni mnene kuliko 14 hulipia kinyume cha alichotaka.

Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya ohmu za spika. Ohmu zimeandikwa kwenye kibandiko nyuma ya spika yenyewe. Shaba ya 1.5 kwa ule upande wetu mrefu wa mita 12.5 ina ukinzani wa karibu ohmu 0.29. Kwa spika ya ohmu 8 ni chini ya asilimia 4, hakuna neno. Kwa ohmu 6 inapita ukingoni. Kwa ohmu 4 inazidi, hapo chukua 2.5, itakayoshusha ukinzani hadi 0.17.

Hapa ndipo pana jambo ambalo muuzaji hakuambii. Spika za ohmu 8 na 6 ni za mtu aliyenunua risiva yake peke yake na spika zake peke yake, mwenye pesa. Seti za sanduku moja, zile tunazozibeba kutoka Kariakoo au Luthuli Avenue na kuziita sabufa au hom thieta, mara nyingi zina spika za ohmu 3 au 4. Kwa hiyo seti ya bei nafuu ndiyo inayohitaji waya mnene zaidi, nayo ndiyo inayokuja na waya mwembamba kama uzi. Ukiurefusha waya huo kwa kipande cha 0.5 ukafika mita 12.5, ukinzani unakaribia ohmu 0.9. Kwenye spika ya ohmu 3, nguvu inayofika ni kama asilimia 60 ya ile ambayo ingefika kama waya usingekula kitu. Halafu mwenye seti analalamika kwamba spika za nyuma hazisikiki.

Sitaki kukutia hofu kupita kiasi. Upungufu huo ni kama desibeli 2, na seti nyingi zinakuruhusu kuongeza za nyuma kwa rimoti. Katika filamu nyingi spika hizi hubeba mvua, umati na mwangwi, si maneno ya waigizaji. Lakini kwa tofauti ya bei iliyopo kati ya waya mwembamba na mnene, hakuna sababu ya kuanza na kasoro.

Nayo tofauti hiyo ni hii. Bei hubadilika kila mzigo unapoingia, kwa hiyo tarakimu zangu ni za mfano. Weka utakazoambiwa wewe. Tuseme mita ya 1.5 ni shilingi 1,500 za Tanzania, na ya 2.5, yenye shaba zaidi kwa theluthi mbili, ni 2,500. Mita 25 ni shilingi 37,500 kwa moja na 62,500 kwa nyingine. Ni shilingi 25,000 zinazolipwa mara moja, kwa waya utakaobaki hata seti ikibadilishwa mara tatu. Kwa spika za ohmu 3 au 4 mimi ningezilipa bila kufikiri. Kwa ohmu 8 ningezirudisha mfukoni.

Kinachostahili kuogopwa dukani ni waya wa rangi ya shaba usio shaba. Ndani ni alumini, nje imepakwa ngozi nyembamba ya shaba, na kwenye roli pengine imeandikwa CCA kwa herufi ndogo, pengine haikuandikwa kitu. Ukinzani wake unazidi wa shaba kwa nusu hivi, kwa hiyo 1.5 ya namna hiyo inafanya kazi kama 1.0 ya shaba. Si haramu kuiuza. Tatizo ni kuiuza kwa bei ya shaba.

Kuipima ni rahisi, na muuzaji mwaminifu hatakuzuia. Omba akate ncha, menya plastiki, tenganisha uzi mmoja na uukwangue kwa wembe. Shaba inabaki nyekundu hadi ndani. Alumini inatoa weupe baada ya kukwangua mara mbili. Ukinunua roli nzima, tumia mizani. Waya pacha wa 1.5 wenye mita 100 una kilo 2.7 za shaba peke yake, kabla hujahesabu plastiki. Roli isiyofika kilo 3 pamoja na ganda lake inakudanganya kitu kimoja kati ya vitatu: madini, unene au urefu. Kuhusu urefu soma vizuri, kwa sababu roli nyingine ni ya yadi 100, nayo ni mita 91 na kitu.

Upande wa pili wa udanganyifu ni waya wa fahari. Zamani watu walifunga spika kwa waya wa taa wa kawaida. Mwaka 1979 Noel Lee alianzisha kampuni ya Monster Cable huko California, na kuanzia hapo waya wa spika ukawa bidhaa ya kujivunia, wenye ganda linaloonyesha shaba inayong'aa na maneno kuhusu shaba isiyo na oksijeni. Shaba hiyo ipo kweli, lakini inapitisha umeme kuliko ya kawaida kwa kama asilimia 1 tu. Ukizidisha urefu kwa kipande kidogo cha mkono umeshaipoteza faida hiyo. Waya pacha wa taa wa 1.5, wa nyuzinyuzi, wa shaba kweli, unatosha. Utie alama ya rangi upande mmoja ili usichanganye chanya na hasi.

Wapo wanaotumia waya wa kompyuta, ule wenye nyaya nane ndani, kwa kuwa umebaki kwenye kazi ya intaneti. Kila waya mdogo ni 0.2 tu, hivyo lazima uunganishe nne kuwa chanya na nne kuwa hasi ndipo upate 0.8. Unafanya kazi kwa spika ya ohmu 8 isiyo mbali. Kwa seti ya ohmu 3 uache, na huo nao mara nyingine hutengenezwa kwa alumini iliyopakwa shaba.

Njia ndiyo yenye gharama. Aliyepanga asiguse ukuta wa mtu kuliko inavyolazimu. Kwake kuna tranki nyembamba, ule mfereji wa plastiki wenye kifuniko, unaokaa juu ya skatingi. Tranki ya milimita 16 inabeba nyaya zote mbili na bado inapakika rangi ya ukuta. Zinazouzwa na gundi nyuma yake zinavutia kwa sababu hazitoboi, ila gundi inashika rangi, haishiki ukuta. Rangi ya maji ya bei ya chini ikibanduka, tranki inashuka nayo, hasa kwenye joto na unyevu wa Pwani. Nimeona mfereji mzima wa ukuta mmoja umelala juu ya kochi huku gundi yake imevaa rangi ya krimu ya mwenye nyumba. Fisha na skrubu kila nusu mita zinashika, na siku ya kuhama vitundu vinazibwa kwa skimu kidogo. Kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe Jumamosi moja, na gharama yake ni tranki, skrubu na kukodi au kuazima drili.

Chini ya zulia ni bure, nami siipendi. Panapopitwa na watu, waya wa duara hutengeneza mgongo unaokwaza wazee, na nyuzi zake hukatika moja baada ya nyingine kwa kukanyagwa. Upo waya bapa wa kazi hiyo, mwembamba kama utepe, ambao bei yake kwa mita huzidi wa kawaida. Kama zulia limefika hadi ukutani na waya unapita chini ya kochi tu, sawa. Ukivuka njia ya mlango, hapana.

Dari inafaa kwa nyumba yenye jipsamu na nafasi ya fundi kupanda. Waya unapanda nyuma ya runinga, unatembea juu, unashuka palipo na spika. Mlango haukusumbui tena. Ila nyumba zetu nyingi zina bati juu na panya kati ya bati na dari, na panya hajali kama waya ni wa spika au wa taa. Upitishe ndani ya bomba la plastiki. Pia usimruhusu fundi kuuchomeka kwenye bomba lenye umeme wa nyumba kwa kuwa lilikuwa na nafasi. Ganda la waya wa spika halikutengenezwa kukaa na volti 230, na siku ganda la mwenzake likichubuka umeme unakuja hadi kwenye risiva na mikononi mwako.

Kuchimba ukuta ndiko kunakopendeza macho kuliko yote na kunakomaliza pesa. Wanaosoma mafunzo ya Marekani hudanganyika hapa, kwa sababu kuta za huko nyingi ni mbao na jipsamu zenye uwazi ndani, waya unatumbukizwa juu na kuvutwa chini. Zetu ni tofali na plasta. Fundi umeme anakata mfereji kwa grinda, vumbi linaingia hadi kabatini. Anakuja fundi mwashi kuziba. Halafu fundi rangi. Na rangi ndiyo mtego. Kiraka kipya hakilingani na ukuta uliopigwa jua na moshi miaka minne, kwa hiyo utapaka ukuta mzima, na ukuta mmoja ukiwa mpya mwingine unaonekana mchafu. Bajeti iliyoanza na waya wa shilingi 37,500 imekuwa ya mafundi watatu na ndoo ya rangi. Kwa nyumba iliyokwisha, ngoja mpaka siku utakapopaka rangi kwa sababu nyingine.

Kwa anayejenga hesabu inageuka kabisa. Kabla ya plasta, bomba la milimita 20 au 25 kutoka mahali pa runinga hadi mahali pa kila spika ni nyongeza ndogo kwenye kazi ya umeme inayoendelea. Acha kamba ndani yake ya kuvutia waya, ziba midomo ya bomba isijae saruji, piga picha kuta zikiwa wazi. Waya wenyewe utanunua ukishahamia. Usikubali uzikwe kwenye plasta bila bomba: ukikatika hautoki, na kama ni ile alumini iliyofichwa, saruji mbichi inaila kwenye kila mchubuko.

Imebaki ile iitwayo isiyo na waya, ambayo jina lake lina ukweli nusu. Spika ya namna hiyo haina waya wa sauti, lakini ina amplifaya ndani na amplifaya inataka umeme. Umeondoa waya mwembamba wa volti ndogo, umeleta waya wa soketi. Ukuta wa ubavuni mwa kochi una soketi? Kama hauna, utavuta ekstensheni sebuleni, na hapo bora ungevuta waya wa spika. Zipo zenye betri, kama JBL Bar 1000, ambayo spika zake za nyuma huchomolewa kwenye kifaa kikuu na kurudishwa hapo kuchajiwa. Ni ufumbuzi mzuri wa chumba cha kupanga, kwa mwenye uwezo wa kuinunua.

Tofautisha pia aina. Zile za mtengenezaji mmoja, spika na kitumaji chake, zimeundwa ili sauti ifike kwa wakati. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa sehemu ya sekunde inayosikika, huweza kufika moja ya tano, na mlio wa nyuma ukaja baada ya picha. Anayekuambia ununue spika mbili za Bluetooth uziweke nyuma hajawahi kuzisikiliza hivyo.

Kuna gharama mbili za baadaye ambazo haziko kwenye lebo. Umeme wetu unapokatika na kurudi kwa kishindo, spika ya waya haina cha kuungua ndani. Ile yenye amplifaya inayo, na sasa una vifaa vitatu vya kulindwa badala ya kimoja. Pili, kitumaji kikifa baada ya waranti, hakuna fundi wa mtaani atakayekuuzia kingine, kwa sababu kinafanya kazi na seti hiyo tu. Waya ukifa unanunua mwingine duka lolote. Kipimo changu ni hiki: chukua bei ya seti yenye spika za nyuma zisizo na waya, toa bei ya seti inayolingana yenye waya. Tofauti ikikaribiana na gharama ya tranki na fundi, na soketi zipo, nunua. Ikizidi mara mbili, kaa na waya.

Na kama chumba ni kidogo kiasi kwamba kochi limegusa ukuta na spika ya nyuma itakuwa sikioni mwa mtu mmoja, acha kuzifunga. Spika tatu za mbele na sabufa, zikiwa zimepangwa vizuri, zitakupa maneno yanayosikika, na hicho ndicho wengi wanachokikosa.

Kazi ikikamilika, usimwache fundi aondoke. Chomoa ncha za waya kwenye risiva na ugusishe betri ya volti 1.5, chanya kwenye waya uliotiwa alama. Koni kubwa ya spika ikiruka kwenda nje, waya umefungwa sawa. Ikiingia ndani, umegeuzwa. Fanya hivyo kwa kila spika, rudisha nyaya, kisha washa mlio wa majaribio wa risiva na usikilize kama wa kushoto unatoka kushoto. Salio la fundi lilipwe baada ya hapo.